Remila wa Sauti ya Pili

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba Remila ni mimi. Sikumwambia mtu yeyote, kwa kuwa unyenyekevu ulinizuia. Lakini unyenyekevu huohuo haukunizuia kukaa wima kila wimbo ule ulipoanza, kuinamisha macho mahali jina linapotajwa, na kushika ncha ya kilemba changu kama mtu anayerekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Msomaji ambaye hakupita katika kambi yetu ya wakimbizi, mkoani Kigoma, ana haki ya kuelezwa. Tulikuwa na mtunzi pale. Alikuwa Mkongo wa Kivu, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata pale joto lilipotutoa sote ndani ya mahema, na mfukoni mwa koti hilo hakikukosekana kipande cha chaki. Nyimbo zake ziliimbwa na kwaya zote za kambi, za Wakongo na za Warundi kama mimi. Zikasafiri kwa kaseti hadi kambi nyingine, na baadaye kwa simu hadi huku Marekani tulikotawanywa, huyu mji huu, yule mji ule. Nje ya watu wetu hakuna anayemjua. Miongoni mwetu, ukisema "mtunzi" tu, hakuna anayeuliza yupi.

Wimbo wake uliompa sifa kuliko zote ni ule wa kuaga. Beti zake zinasimulia mtu aliyevuka ziwa akiwa hana kitu mikononi. Kiitikio chake kinamwita mwanamke: "Remila, Remila, maji hayakuosha jina."

Remila ni nani? Mke wa mtunzi hakuitwa hivyo, wala dada zake, wala msichana yeyote aliyejulikana kambini. Wakongo walidai ni binti aliyebaki ng'ambo ya ziwa, wakamwita Lemila. Wazee wetu wa Kirundi, ambao ulimi wao hauna urafiki na herufi "l", walimwita Remira, na kwa matamshi hayo wakathibitisha kwamba alikuwa Mrundi. Mchungaji mmoja alihubiri Jumapili nzima kwamba Remila si mtu bali ni mji, na kwamba umetajwa katika Maandiko, ingawa siku ile hakukumbuka mahali. Mtunzi mwenyewe, alipoulizwa, alitabasamu. Hakuna kitu kinachomkuza mtunzi kama kutabasamu anapoulizwa.

Mimi sikuhitaji kuuliza. Nilikuwa na ushahidi. Kwanza, niliimba sauti ya pili, na Jumapili ya kumuaga mtunzi, aliposimama mbele yetu kwa mara ya mwisho, akiongoza wimbo huo mpya, tulipofika kwenye jina alitugeukia sisi wa sauti ya pili, akanitazama mimi, akashusha kiganja polepole kuelekea chini, akafumba macho. Nilikuwa msichana wa miaka ya kumaliza shule. Nilielewa mara moja: hisia zilikuwa nzito mno, alikuwa akiziomba zitulie. Pili, jina langu la ubatizo linaishia na "la". Ushahidi wa tatu ni kwamba siku moja alinipa kifutio cha ubao, nikakirudisha, naye akasema "asante" kwa namna ambayo sijaisikia tena kwa mwanamume mwingine.

Kwa ushahidi huo nilimaliza ujana, nikaolewa, nikazaa, nikahamia Kentucky, nikasoma chuo nikiwa mtu mzima na kupata shahada yangu. Nilifundishwa kupima hoja, kutilia shaka vyanzo, kutofautisha kinachojulikana na kinachotamaniwa. Niliyapima mambo yote duniani isipokuwa kifutio kile.

Ninaishi Shively, upande wa kusini-magharibi wa Louisville, na kazi yangu ni ukalimani wa simu. Daktari anasema, nami nasema. Mgonjwa anajibu, nami najibu. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba mkalimani husema "mimi" akimaanisha mtu mwingine. Asubuhi mimi nina kisukari, mchana mimi ni mwalimu ambaye hafurahishwi na tabia ya mwanao, jioni mimi nina ujauzito wa miezi minane. Mtu aliyezoea hivyo angetarajiwa kuwa mwangalifu na viwakilishi. Lakini wimbo ulisema "wewe," nami nikajibu "mimi," bila hata kungoja mtu amalize sentensi.

Hatari pekee ilikuwa jirani yangu. Naye aliimba sauti ya pili kambini, naye anaishi Shively, mtaa wa pili kutoka kwangu, na binti yake mkubwa amembatiza Remila. Niliona ni ukosefu wa adabu. Kila nilipomsikia akimwita mtoto yule uani, "Remila! Toka kwenye matope!" nilihisi kama mtu aliyeibiwa koti na sasa analiona likivaliwa na mwingine, tena bila kufuliwa.

Mtunzi alifariki Buffalo, mji wa mpakani na Kanada. Familia yake ilikuwa imepelekwa huko tangu mwanzo. Alifanya kazi kiwandani hadi mgongo ulipomkatalia, akaendelea kufundisha kwaya kanisani. Mwaka ulipokaribia kutimia, kwaya za miji mitatu zilipanga ibada ya kumbukumbu huko Columbus, kwa sababu ndiko kwenye ukumbi mkubwa, na kwa sababu watu wa Columbus huona ni aibu jambo lolote kufanyika kwingine. Kila kitu kilikuwa tayari, ila mjane alituma neno moja: wimbo wa Remila usiimbwe. Ukiimbwa, yeye haji.

Mwalimu wa kwaya ya Columbus, Mrundi mwenzangu tuliyekua naye kambini, akanipigia simu. Nilimfuata Jumamosi moja, tukakutana katika duka moja la vyakula kwenye barabara ya Morse, mbele ya friza la sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa.

"Dada, bila wimbo ule hiyo si kumbukumbu," alisema. "Ni mkutano."

"Mama amesema nini hasa?"

"Amesema Remila akiingia ukumbini, yeye anatoka. Nikamwambia, mama, Remila hayupo. Akaniuliza, kama hayupo, mbona mnamwita?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni.

"Sasa wewe ndiye msomi wetu," akaendelea. "Nenda Buffalo ukamtulize. Mwambie Remila ni mfano tu."

"Mfano wa nini?"

"Dada, ningejua ningekwenda mwenyewe."

Nilikubali haraka kuliko ilivyofaa. Yeye alidhani ni kwa ajili ya kwaya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaliona tukio zima: mimi nimekaa mbele ya mjane, kichwa kimeinama, nakiri kwa sauti ya chini kwamba Remila ni mimi, na kwamba kati yangu na marehemu hapakutokea lolote. Yeye analia, mimi nalia, ananisamehe. Kisha, kwa ridhaa yake, jambo hili linawekwa katika historia. Ndani ya sanduku langu, nililolifunga kabla hata ya kuombwa, kulikuwa na kitenge cha zambarau ambacho sikuwa nimekishona kwa ajili ya kamati.

Mume wangu alikuwa ameniaga asubuhi ya siku ile huku akijaza maji ya kuoshea kioo cha gari langu. Ni mtu wa maneno machache. Siku nzima ghalani anaendesha mashine ya kuinulia mizigo, na mizigo haimjibu.

"Safari njema, Remila," alisema, akafunga boneti.

Nilifika karibu na Cincinnati, mwendo wa zaidi ya saa moja, kabla sijafahamu kwamba hilo halikuwa jina langu la nyumbani.

Kutoka Columbus hadi Buffalo nilifanya mazoezi ya kukiri. "Mama, yapo mambo ambayo moyo huyabeba pasipo mikono kuyagusa." Niliipenda sentensi hiyo, niliirudia pamoja na mapumziko yake yote. Nilipofika kwenye ziwa kubwa lililo kabla ya Buffalo, upepo ukilisukuma gari pembeni, nilikuwa nimeongeza kishazi kingine kuhusu ujana na usafi wake. Hakuna mwanamke aliyewahi kuomba msamaha kwa sarufi safi kama ile niliyoiandaa.

Nyumba ya mjane iko Black Rock, karibu na mto: nyumba nyembamba ya mbao, ghorofa moja juu, viatu vya theluji vimepangwa barazani ingawa theluji ilikuwa imekwisha. Alinifungulia mwenyewe. Ni mwanamke mnene, mwenye macho yasiyo na haraka, aliyefanya kazi ya kutunza wazee wa watu hadi yeye mwenyewe akazeeka. Alinitazama kilemba, kitenge, viatu. Kisha akarudi juu tena, kama anayehakiki hesabu.

"Ikala, mama," alisema kwa Kiswahili chao cha Kivu, chenye Kifaransa ndani yake. "Umetoka mbali. Bon. Umevaa muzuri. Donc, weye uko Remila ya ine."

Nilikaa, kwa sababu alinikaribisha, na furushi langu mapajani.

"Samahani, mama?"

"Remila ya kwanza alikuja hapa, matanga haiyaisha. Alileta gato, ile keki kubwa ya duka, na maua juu. Ya pili alipiga simu, alilia mupaka simu yake ikazima. Ya tatu iko jirani yako kule Shively. Ule hakulia. Aliuliza kama bwana yangu alimuachia neno. Sasa njo weye. Umeleta nini?"

"Dagaa," nilisema.

"Dagaa ni muzuri." Alilipokea furushi, akalinusa. "Remila ya gato hakufikiri."

Naomba nikiri kwamba katika dakika ile, badala ya kuona haya, nilisahihisha. Nilisema moyoni: Remila *wa* nne, mama, kwa kuwa ni mtu. Kwa sarufi niliyosomea, "Remila ya nne" ni kitu. Mjane huyu, kwa kutojali ngeli, alikuwa ananiweka katika kundi moja na nguo na meza. Sikujua bado jinsi alivyokuwa karibu na ukweli.

"Mimi nimetumwa na kamati, mama," nilisema.

"Kamati gani inanukia hivi?"

Nilikuwa nimepaka manukato kwenye kituo cha mafuta, nje ya mji. Niliangalia mikono yangu. Sentensi yangu kuhusu moyo na mikono ilikuwa bado ipo, imekaa kooni kama mgeni aliyevaa vizuri na kuambiwa harusi imeahirishwa.

Alileta chai, akakaa mbele yangu, na sauti yake ikabadilika.

"Sikiya, mama. Mimi sitaki kupigana na mutu. Musiniogope. Niko nauliza tu. Nililala na ule mwanaume tangu niko musichana, tulivuka ziwa pamoja, nilimufulia, nilimuzika. Kama kulikuwa mwingine, basi kulikuwa mwingine. Lakini nijue. Nijue nilizika nani."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu Louisville sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Nilikuwa nimemfikiria akinisamehe.

"Hukuwahi kumuuliza, mama?"

"Nilimuuliza! Mara mingi! Unajua alinijibu nini?" Alicheka bila furaha. "Alisema, ni nota. Re, mi, la. Ati hakupata maneno ya kuweka pale, akafundisha na nota, watu wakashika nota kama jina. Nikamuambia, bwana, hata watoto wanadanganyaka muzuri kuliko ile!"

"Akasema nini?"

"Akaapa. Kisha akaanza kutafuta neno. Miaka yote, mama. Tunakula, anaacha kijiko: 'Labda tuweke safari.' Anajaribu, anaimba, anasema hapana, haikale muzuri. Kesho yake: 'Labda amani.' Hapana. Siku moja nilimuambia, weka mukate, tulale! Mukate iko na vipande tatu, mu-ka-te, inatosha." Alisukuma kikombe chake. "Mwanaume anayetafuta neno miaka yote na hapati, anatafuta neno, ao anaficha neno?"

Nilifurahi. Naomba msomaji anivumilie, maana sikuwa nimetarajia kufurahi: lakini kama mtunzi alikuwa akificha, basi kulikuwa na wa kufichwa, na safari yangu haikuwa bure. Tena nilikuwa na njia ya kuthibitisha. Kambini tulifundishwa nota ubaoni, do, re, mi, kwa chaki ya mtunzi mwenyewe, sijazisahau. Kwa lugha ya mtu aliyesoma nikamwambia mjane kwamba jambo hili linaweza kuchunguzwa. Tungeimba kiitikio kwa nota. Kama pale kwenye jina nota zake ni re, mi, la, marehemu alisema kweli. Kama si hizo, hakusema kweli.

Pembeni ya sebule palikuwa na kinanda chake kidogo cha umeme, kimefunikwa kwa kitambaa cha kusokotwa. Alikifunua. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama afanyavyo mtu anayejua kwamba ana sauti, nikaimba huku nikibonyeza. Pale kwenye jina nilipata fa, so, do. Nikarudia. Fa, so, do. Ilikuwa wazi kama maji kwenye glasi.

"Si re, mi, la?" aliuliza.

"Si re, mi, la, mama."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakulia. Alichukua kile kitambaa cha kinanda akaanza kukikunja, akakikunja tena, hadi kikawa kidogo kama leso ya mtoto.

"Donc alinidanganya," alisema. "Mupaka mwisho."

Ningeweza kuishia hapo. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa kuwa kila anayeandika kumbukumbu zake hupenda kujionyesha akikimbilia ukweli kwa mikono miwili. Mimi sikukimbia. Nilisimama pale na kitenge changu cha zambarau, nikiwa nimeshinda, nikiwa Remila kwa ushahidi wa kinanda, nikamtazama mwanamke yule akikunja kitambaa, na kitu kimoja kidogo kikawa kinanikwaruza: nilichokuwa nimekiimba kilikuwa sauti ya kwanza.

Kambini niliimba sauti ya pili. Nilipofika Louisville, kwaya ilikuwa changa na mimi nilikuwa na shahada, nikaomba kuhamishiwa sauti ya kwanza, mahali ambapo wimbo husikika na mwimbaji huonekana. Tangu hapo sikuwa nimeiimba tena sauti ya pili hata bafuni. Miaka yote hiyo niliitwa kwa jina lile, na sikuwahi kulisikiliza kutoka mahali nilipokuwa nimesimama nilipoitwa.

"Mama," nilisema, "kuna sauti nyingine."

"Sauti gani tena?"

"Ya pili. Yetu."

Nilianza chini, polepole, maana sauti ya pili haikumbukwi kwa kichwa, inakumbukwa kwa koo. Nota zilikuja moja baada ya nyingine kama watu wanaotoka kanisani, so, so, fa, na nilipokaribia lile jina niliziona zinakokwenda. Kwenye "re" nilijua. Kwenye "mi" nilifikiria kwa dhati kukosea. Ni jambo rahisi, kukosea; nimelifanya mbele ya makusanyiko makubwa bila hata kukusudia. Lakini mjane alikuwa ameacha kukunja, ananitazama mdomoni, na koo langu, ambalo halijawahi kunitii nilipolihitaji, likashuka lenyewe hadi chini kabisa.

La.

Nikabonyeza kinanda kuhakikisha. Re, mi, la. Kinanda hakina adabu kabisa.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, kisha tena. Akaweka kidole chake mwenyewe, kinene, juu ya funguo zile tatu, akazibonyeza kwa zamu kama anayebisha hodi.

Na mimi, huku nikirudia, nilianza kuiona upya Jumapili ile ya kuaga. Mtunzi alikuwa na desturi ya kuanza kufundisha sauti ya pili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa dhaifu. Wiki ile, kama mume alivyomweleza mkewe, kipande kile cha kiitikio hakikuwa na maneno bado, akatupa nota ili tushike wimbo kwanza. Mimi sikuwapo zoezini. Nilikuwa kitandani na malaria. Niliporudi nilijifunza kwa sikio kutoka kwa mwenzangu wa kushoto, naye alisema "Remila" kwa uhakika wa mtu ambaye haelewi. Waliokuwapo walidhani sisi tusiokuwapo tumeambiwa jambo jipya. Sauti ya kwanza, wasio na neno lolote pale, wakatusikia, wakalichukua. Mbele ya umati wote, kaseti inazunguka, kwaya nzima ikamlilia mwanamke aliyezaliwa asubuhi ile.

Ndipo mtunzi alipotugeukia sisi, akashusha kiganja, akafumba macho. Alikuwa akituomba tuinyamazishe. Au, ninavyoijua sasa "la" yangu ya chini, alikuwa akiiomba iwe sawa. Uso niliouhifadhi miaka yote kama uso wa mwanamume anayependa ulikuwa uso wa mwalimu anayeumwa jino.

"Hakukudanganya, mama," nilisema. "Ni nota. Ni nota zetu."

Alibonyeza tena zile funguo tatu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilitangulia.

"Eh, bwana yangu! Masikini! Kumbe alikuwa anasema kweli, na mimi nilimunyima sombe!" Alijipangusa kwa kile kitambaa. "Siku mbili, mama. Alikula mukate kavu. Mukate!" Akacheka hadi akashika meza. "Na neno nilimupatia njo ile ile!"

Nilicheka naye, kwa adabu, na labda kwa sauti iliyokuwa juu kidogo kuliko ilivyohitajika, kwa maana alinyamaza akanitazama. Akanishika mkono.

"Pole, mama," alisema.

Katika watu wetu mgeni ndiye anayekwenda kumpa mjane pole. Mimi niliendesha gari kutoka Kentucky hadi ukingo wa Kanada ili mjane anipe mimi. Niliipokea. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya nayo.

Aliniwekea chakula, dagaa wangu mwenyewe, akanipa masharti. Wimbo uimbwe. Yeye atakaa mstari wa mbele. Mimi niimbe sauti ya pili, mahali pangu. Na wale wengine watatu wasiambiwe kwanza.

"Kwa nini, mama?"

"Wanapika," alisema. "Kila moja amesema ataleta sufuria kubwa, kwa sababu ya upendo yake na marehemu. Watu watakuwa wengi. Acha wapike."

Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya siku moja, alifikiri kidogo. "Andika. Lakini usitaje mutu. Kila moja atasema, ule ni mwenzangu." Nimetii. Ndiyo maana katika kurasa hizi hakuna jina hata moja isipokuwa lile ambalo mwanzoni halikuwa la mtu.

Mume wangu alinipokea Shively akiwa ameshika bomba la kumwagilia.

"Amerudi nani?" aliuliza.

"Mimi," nilisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile kiwakilishi hicho hakikuwa na matatizo.

"Vizuri. Chakula kipo." Akaongeza, bila kunitazama, "Kile kitenge kinakupendeza, lakini. Hata kama si yeye."

Siku ya kumbukumbu ukumbi wa Columbus ulijaa hadi milangoni. Sufuria zilikuwa nyingi, kama mjane alivyotabiri, na moja ilikuwa na wali wenye zabibu kavu, jambo ambalo halifanywi kwa marehemu wa kawaida. Mwalimu wa kwaya alinishangaa nilipojipanga na sauti ya pili. Nilimwambia nimechoka kuonekana, naye akaniuliza kama naumwa. Jirani yangu wa Shively alikuwa kushoto kwangu. Alinong'ona, "Leo nitajitahidi nisilie," kwa namna ya kuomba aulizwe kwa nini. Nilimshika mkono. Nilimwonea huruma ile ya juu, ya mtu anayejua, na nikajipongeza kwa kuwa nayo.

Tukaimba. Beti zikapita, ziwa likavukwa, na tulipokaribia kiitikio nilitupa macho ukumbini. Mstari wa tatu, mwanamke mmoja alinyoosha mgongo, nikajua ni wa keki. Kando ya dirisha mwingine, yule wa simu bila shaka, aliinamisha macho. Jirani yangu akainua mkono polepole akagusa ncha ya kilemba chake.

Mjane alikuwa mbele, mikono mapajani. Alikuwa amewaona wote watatu. Kisha akanigeukia mimi, na midomo yake ikaanza kubanwa kama ya mtoto anayezuia kicheko kanisani. Sikuelewa anachekea nini. Niliimba re, nikaimba mi, nikashuka vizuri kabisa hadi la, nikitazama mbele kama mwimbaji wa kawaida wa sauti ya pili ambaye hana jambo na mtu, na ni hapo tu, akiwa tayari ameziba mdomo kwa leso, nilipohisi kitambaa kati ya vidole vyangu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umepanda wenyewe. Ulikuwa umeshika kilemba.